Kobe wa Upande wa Kaskazini

Shule mimi niliishia kidato cha pili, na hata hicho kidato tuliachana bila kuagana vizuri. Kwa hiyo mtu akiniletea jambo ambalo Wachina wamelifikiria tangu enzi za mababu zao, mimi nani nibishe?

Mke wangu ndiye aliyeleta wale wanyama. Alinunua boksi zima kwenye duka la vyombo mjini: paka wa rangi ya dhahabu anayepunga mkono, chura wa miguu mitatu mwenye sarafu mdomoni, tembo, na kobe mweusi mzito kama jiwe la kusagia. Ndani kulikuwa na karatasi ya kueleza kila mnyama akae wapi ili bahati iingie nyumbani. Fengshui, ndivyo wanavyoiita. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, nikaipiga picha, simu ikanitafsiria. Nilipofika kwa kobe, nikasoma mara mbili. Eti nyumba nzuri ni ile yenye mlima nyuma yake, upande wa kaskazini, na mbele pawe wazi. Kobe ndiye mlinzi wa upande huo. Kama mlima huna, yeye anashika nafasi yake.

Nikatoka uani. Sisi tunakaa Shirimatunda, hapa Moshi mjini. Kaskazini kwetu ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kusini ni tambarare mpaka macho yachoke. Nilisimama pale nimeshika kiuno. Hawa watu nani aliwapa habari za kwetu?

Siku hizo mama yangu alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kutoka Old Moshi, kule mlimani, kuja kukaa na sisi. Alianguka kwenye migomba akikata majani ya ng'ombe, nyonga ikavunjika, na daktari akasema asiishi peke yake tena. Kule juu hakuna ndugu aliyebaki. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, mama akubali kukaa. Angerudi, siku moja majirani wangemkuta chini.

Basi nikaona bahati ya Kichina iende chumbani kwake. Chumba chenyewe kiko kaskazini, kina dirisha kubwa. Karatasi ilitaka kobe akae mahali imara, na nyuma yake pawe pameziba, nguvu zisivuje. Nikasukuma kabati la nguo mpaka likafunika dirisha lote, nikampandisha kobe juu. Nilipima kwa dira ya simu mara tatu. Fundi mwenye cheti asingenifikia.

Mama ni Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, nikajua atasema nimemletea sanamu za kuabudu. Wala. Paka alimpenda, akauliza kama huo mkono hauchoki. Nilipomweleza kwamba kobe ndiye mlima wetu wa nyuma, alimtazama sana.

Wiki ya kwanza alikula nusu sahani. Ya pili, robo. Mke wangu akapika mtori, ndizi na nyama vimepondwa laini kabisa, bakuli likarudi limeguswa tu. Homa hana, nyonga haimsumbui. Anakaa kitandani anaangalia kabati. Mimi na akili zangu nikairudia karatasi, nikamwongezea tembo. Siku ya tatu ya tembo nilimkuta amefunga nguo zake kwenye kitenge, anasema nimtafutie gari la kwenda juu.

Nikakaa sakafuni, nikamuuliza nimemkosea nini. Akasema sijamkosea, nimemtunza vizuri, ila humu ndani hajui kumekucha saa ngapi. Tangu azaliwe, akiamka anautazama mlima kwanza, ndipo siku inaanza. Baba yake alikuwa akiuinamia kichwa hata kabla ya kunawa uso, na alipokufa walimzika ameelekea huko huko.

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Uliniambia umeniwekea mlima, mwanangu. Mimi nikaona kobe."

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema ameolewa na mtu wa kwanza Moshi nzima kuuziba mlima ili apate pa kuweka mlima.

Tukasukuma kabati. Ilikuwa jioni, mawingu matupu, hakuna kitu. Mama akasema nisihangaike, gari tutalizungumza kesho.

Asubuhi nilimpelekea chai jua halijatoka. Mlima ulikuwa umejitokeza wote, umejaa dirisha, theluji yake imeanza kushika wekundu kidogo pembeni. Mimi nimezaliwa chini ya mlima huo, lakini ni fundi pikipiki, miaka yote nimeinama natazama mnyororo wa mtu. Siku ile niliuona. Sikujua niweke wapi kikombe.

Mama aliinamisha kichwa, akasema maneno ya Kichaga kwa sauti ya chini, kama unavyomwamkia mkubwa anayekujua. Halafu akafanya ishara ya msalaba. Nami, jitu zima lenye kitambi, nikajikuta nimevua kofia.

Alikunywa chai yote. Akaomba kitanda kigeuzwe, tukakigeuza. Niliogopa kutaja habari ya gari. Yeye ndiye aliyeanza, akasema kama bado nitalipata, niende nalo mwenyewe nikamletee kuku wake.

Banda la kuku sikulipima kwa dira. Nilimuuliza mama, akaonyesha kwa kidole kutoka dirishani, nikachimba mashimo ya nguzo hapo hapo.