Goti la Mama Mdogo Eliza

Nyumba yetu ya Laurel, Amerika, ilinukia dawa ya kuchua. Harufu ile ya mintholi na mafuta ya karafuu ilikupokea mlangoni kabla hujavua viatu, ikakufuata hadi jikoni, ikajipenyeza kwenye mapazia na kwenye sweta yangu ya shule, hata mwalimu wangu akawahi kuniuliza kama nina mafua yasiyopona. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, majira ya kuchipua, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi. Chanzo cha harufu kilikuwa goti la kushoto la mama yangu mdogo, Eliza. Kila jioni akitoka kazini alijilaza kwenye kochi letu, mguu ameunyoosha juu ya mito, na juu ya goti kaweka mfuko wa njegere zilizogandishwa. Njegere zile hazikuwa za kuliwa. Tulikula wali mtupu huku zimejaa kwenye friza, na Baba akawa analalamika kwamba katika nyumba hii goti linatunzwa kuliko mwenye nyumba.

Mamdogo Eliza alikuwa kitinda mimba wa bibi yangu, na Mama alikuwa kifungua mimba. Kule Morogoro Mama ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kutembea, akamchapa alipostahili. Alipokua, yule mtoto wa mgongoni akawa mchezaji wa mpira wa kikapu ambaye watu walitoka mitaa ya mbali kuja kumtazama, kwanza shuleni, kisha Dar es Salaam. Amerika alimfuata dada yake, akapata kazi ya kuwatunza wazee huko Greenbelt. Wakati ule wanawake wa kwetu, Watanzania kwa Wakenya, walikuwa na ligi yao ndogo. Wiki nzima waliinua wagonjwa vitandani na kusukuma mikokoteni ya usafi maofisini, na Jumapili mchana, Wakristo wakishatoka kanisani, walikutana katika kumbi za shule za kukodi, wakafunga kanga viunoni juu ya bukta na kukimbia kama wasichana. Mama alikuwa kocha wa Laurel. Kucheza hakujua, mpira ulimponyoka mikononi kama sabuni ya maji. Lakini aliweza kuuona mchezo wote kwa mara moja, kama mtu anayetazama sufuria na kujua kipi kimekosekana. Eliza alikuwa nyota wake. Hakuwa mrefu sana, wala hakuwa tena na kasi ya ujana, ila alikuwa na namna ya kusimama na mpira mkononi, ametulia, mpaka mpinzani mwenyewe akachoka kusubiri na kukosea. Hapo ndipo aliporuka. Nilikuwa nikibana pumzi kila aliporuka.

Aliumia Greenbelt, katika mchezo ambao tayari tulikuwa tunaongoza. Aliruka kuchukua mpira uliogonga pete, akatua juu ya mguu wa mwenzake, na goti likaenda upande ambao goti haliendi. Ukumbi ulinyamaza hata tukasikia mpira ukidunda peke yake hadi ukutani. Daktari alisema kano imechanika, haijakatika. Apumzike mpaka majani ya miti yaanze kudondoka, na akikaidi atalia. Eliza aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Wiki mbili hazikupita, nikamwona nyuma ya jengo letu, kwenye maegesho ya magari, akirusha mpira kwenye kikapu cha watoto huku akirukia mguu mmoja. Mwenye kovu usidhani kapoa, husema wahenga, lakini mwenye kovu naye hudhani kapoa. Mama alimtazama kutoka barazani, mikono kifuani. Mama aliweza kumwamuru mtu yeyote akae benchi isipokuwa huyo. Katika mchezo uliofuata, robo ya mwisho, Eliza alisimama mwenyewe, akavua koti, akaingia. Mama hakumzuia. Eliza alichechemea uwanjani kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, tukafungwa, na usiku wa siku ile dawa ya kuchua ilinuka mpaka kwa majirani.

Basi Jumamosi moja alasiri, Eliza akiwa kazini, aligonga mlango Mama Kamau, nahodha wa timu ya Arlington. Alikuwa muuguzi kutoka Nyeri, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Katika ligi yetu mchezaji hakuweza kuhama kwa matakwa yake. Viongozi wa timu walikubaliana kubadilishana, mtu kwa mtu, kabla nusu ya msimu haijapita. Mama Kamau alipokea chai, akaiweka chini bila kuionja.

"Mama Rehema, mimi sitazunguka. Nipe Eliza, nikupe Atieno."

Mama alicheka kwa mshangao. Atieno alikuwa mwanafunzi wa chuo, mrefu kuliko wanaume wengi, na hakuna timu iliyokuwa haimtamani. "Atieno mzima kwa Eliza mgonjwa? Mama Kamau, una homa?"

"Wewe sikiza. Hao wasichana wangu wako na miguu, kichwa hawana. Hiyo goti mimi siitaki, nataka kichwa. Akuje aketi hapo kando yangu, anifunzie hao watoto." Akainama mbele, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza polepole. "Na mimi nitamkalisha benchi, na atakaa. Wewe huwezi, Mama Rehema. Ni damu yako."

Alipoondoka mgeni, Mama alikaa mezani akichezea ukingo wa kikombe mpaka chai ikaweka utando. Sasa ninavyoielewa, alikuwa anapima mambo mawili kwenye mizani moja. Timu yetu ilikuwa mkiani, na Atieno angetuinua. Tena mdogo wake alikuwa anajiharibu mbele ya macho yake, na hapa alikuwa amepatikana mtu wa kumzuia. Miaka mingi baadaye nilimwuliza ni lipi lililokuwa zito zaidi. Alisema hakujua siku ile na hajui mpaka leo, na kwamba ndilo lililomtesa.

Kesho yake, Jumapili isiyokuwa na mchezo, wachezaji wa Laurel walijaa sebuleni kwetu, Eliza akiwa tena zamu. Nilikuwa nikigawa chai na maandazi, kwa hiyo nilisikia yote. Katika redio ya gari Baba alipenda kusikiliza wachambuzi wakibishana juu ya wachezaji wanaume wa kulipwa, nani auzwe, goti la nani limekwisha, nani bado anaweza kucheza mwaka mmoja, na nilizoea kudhani mambo hayo huzungumzwa kwa sauti kavu. Hawa wanawake hawakuweza sauti kavu. Eliza aliwasuka nywele, aliwapikia walipojifungua, alimfundisha mmoja wao kuendesha gari. Msichana mmoja alisema, macho chini, kwamba kama tunataka kushinda basi tuchukue Atieno, na kama tunataka kulia pamoja tuseme. Bi Zuhura, Mzanzibari, mkubwa kuliko wote, mlinzi ambaye hakuna aliyempita kwa urahisi japo alicheza akiwa na kilemba chake, aliweka andazi lake sahanini.

"Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Zizi lake ni sisi. Leo kavunjika, sisi twafungua mlango twamtoa nje?"

Mama alisema atafikiri.

Hakupata muda wa kufikiri. Jumatatu jioni simu ililia, Eliza akaipokea akiwa kochini. Alikuwa Atieno, mtoto wa adabu zake, aliyedhani jambo limekwisha kusemwa. Nilisikia sauti yake nyembamba ikimsalimia Dada Eliza, ikisema ameambiwa yeye anakuja Laurel na dada anaenda Arlington, na ikimwomba amwelekeze namna ya kuishi na timu yake. Eliza alimjibu kwa upole, akamtakia masomo mema, akairudisha simu mahali pake taratibu. Mama alikuwa jikoni anakata mchicha.

"Dada. Mmenipima?"

Kisu kilisimama.

"Mmenipima kama nyama buchani, mimi niko kazini nabadilisha shuka za watu. Mama Kamau kasema lake. Bi Zuhura kasema lake, najua, huyo hawezi kunyamaza. Vikombe vya jana niliviona, hata mtoto aliyegawa chai kasikia. Mimi tu mwenye goti ndiye sijaulizwa."

"Niliogopa," Mama akasema.

"Uliogopa nini?"

"Ungesema hapana. Ningekubali, Eliza. Wewe nakukubalia kila kitu. Halafu siku moja ningekuona unabebwa."

Eliza alienda chumbani, chumba tulicholala mimi na yeye, akajilaza akielekea ukutani. Jua lilikuwa bado dirishani na garimoshi la kuelekea Baltimore lilipita likipiga honi. Mimi niliielewa lugha ya nyumbani lakini siku zote nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa majengo yale, kwa kuionea haya lafudhi yangu. Siku hiyo nilimgusa bega nikamwambia, "Pole, Mamdogo." Mgongo wake ukatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Sema tena," akasema. Nikasema tena. Akanivuta, akaniweka kifuani, na hapo ndipo alipolia.

Siku kadhaa dada wawili walizungumza kupitia kwangu. Mwambie mama yako mchuzi umeiva. Mwambie mama yako mdogo ameacha taa. Jumamosi Eliza alinichukua kwenye gari bila kusema tunakokwenda, tukavuka mto Potomac mpaka ukumbi wa Arlington. Tulikaa juu kabisa kwenye mabenchi. Chini, Atieno alikuwa akifanya mazoezi. Eliza alimtazama kwa muda mrefu, kwanza kwa macho makali, kama mtu anayetafuta kasoro kwenye kitambaa, kisha macho yakalegea. "Hajui anachokifanya," akaninong'oneza, "na bado anapatia. Ee Mungu." Tulishuka. Atieno alipomwona alibabaika, akapinda goti kidogo. "Shikamoo, dada." Eliza aliitikia, akamshika mabega, akamgeuza, akamgonga kiatu kwa ncha ya fimbo yake ya kutembelea mpaka miguu ikakaa anavyotaka. "Sasa ruka." Atieno akaruka. Sijawahi kuona mtu akifurahi na kuumia kwa wakati mmoja kama mama yangu mdogo alivyokuwa pale, uso wake umeinuka ukimfuata yule binti hewani.

Tukarudi Laurel. Tulimkuta Mama anaanika nguo barazani. Eliza alisimama mlangoni, ameegemea fimbo.

"Ningekuwa kocha, huyu Eliza ningeshambadilisha wiki iliyopita," akasema. "Lakini ningemwuliza kwanza."

Mama alishika shati bichi la Baba, maji yakimdondokea miguuni. "Basi mdogo wangu, nakuuliza."

"Nimekubali."

Mama aliliacha shati likaanguka, akamkumbatia hata fimbo nayo ikaanguka, na mimi nikabaki nimeokota vyote viwili, sijui niviweke wapi.

Joto lilipoingia tulikutana na Arlington. Atieno alicheza vizuri kuliko tulivyomwota. Watu walisimama kumshangilia. Tatizo lilikuwa kwamba upande wa pili, kando ya Mama Kamau, alikaa mtu aliyezijua ishara zote za Mama. Mama akigusa sikio, Eliza anapaza sauti, "Kushoto!" Mama akirekebisha kanga, "Katikati, katikati!" Wasichana wa Arlington, waliokuwa wakikimbia ovyo mwanzo wa msimu, walisogea kama vidole vya mkono mmoja. Bi Zuhura, amepokonywa mpira mara ya tatu, aligeuka akamnyooshea kidole Eliza na kupiga kelele, "Kikulacho ki nguoni mwako!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko, refa akiwemo. Tulifungwa kwa kikapu kimoja. Filimbi ilipolia, Mama alivuka uwanja. Nilidhani ana hasira. Bendeji ya Eliza ilikuwa imelegea kwa vile alivyorukaruka akipiga kelele, na Mama, mkubwa kwa mdogo wake, alipiga magoti sakafuni mbele ya timu zote mbili akaifungua na kuifunga upya, taratibu, akiuliza kwa kila mzunguko kama inabana. Hakuna aliyecheka. Mama Kamau aligeuka pembeni akajifanya anatafuta miwani.

Goti lilipona kiasi cha kutembea na kupanda ngazi, si zaidi. Eliza hakucheza tena. Aliendelea kufundisha Arlington misimu mingine, na Atieno akawa mtoto wa nyumbani kwetu, akila na kulala kama ndugu. Mamdogo sasa yuko Morogoro, ana kundi la wasichana anaowafokea kila jioni. Ligi ile ilikufa kimyakimya, wanawake walipotawanyika kwenye majimbo mengine na watoto wao wakaingia timu za shule zenye makocha wa kulipwa. Mimi ni mkubwa kuliko Eliza alivyokuwa mwaka ule. Nafanya kazi katika ofisi moja Arlington, na nimeona watu wakihamishwa idara na kupunguzwa, wakipata habari kwa barua pepe ya mistari michache yenye maneno mazuri. Sisemi kwamba zamani watu walikuwa wema zaidi. Wanawake wale nao walikaa sebuleni wakampima mwenzao asiyekuwepo. Tofauti ni kwamba jioni yake walilazimika kula naye.

Mwaka jana Mama, ambaye sasa anaishi peke yake, alianza kusahau jiko likiwaka. Wadogo zangu wawili, waliozaliwa baada ya msimu ule, wanaishi mbali, kwa hiyo tulizungumza kwa simu, mimi nikiwa nyumbani kwa Mama: akae kwa nani, nyumba ya Laurel iuzwe au ipangishwe, nani ana nafasi, nani ana ngazi nyingi. Tulikuwa watu wazuri wenye sababu nzuri. Katikati ya sentensi yangu mwenyewe niliwaambia wasubiri, nikaiacha simu mezani, nikaenda chumba cha pili. Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha akimenya chungwa.

"Mama," nikasema, "tunazungumza habari zako."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nangoja nione nani atakuja." Akaondoa maganda kwenye kiti cha pili, nikakaa.