Editha Hasikii Udongo

Wifi yangu Editha, mjane wa kaka yangu, ni mfinyanzi hapa Ulemo. Tangu mwaka ule wa barakoa na ndoo za kunawia, pua yake imekufa. Mafua yalimshika wiki mbili, yakaondoka na harufu zote. Tulimnusisha vitunguu, tukamnusisha hata dagaa walioharibika. Hasikii kitu.

Neno hilo lilituletea kichekesho. Mtu aliniuliza kwa nini siku hizi vyungu vya Editha vinapasuka, nikamjibu kwamba hasikii. Habari ikafika Kinampanda imeshageuka. Akaja mteja mmoja, Antipasi, akasimama mlangoni akatoa shikamoo kwa sauti ya kuita ng'ombe waliovuka bonde. Editha akaitikia marahaba, kisha akamwuliza taratibu kama kwao watu wananusa kwa masikio.

Mteja alipoondoka, Editha hakucheka. Udongo wa bondeni kwetu wote ni mweusi, wote mzito, na macho hayautofautishi. Mwingine una magadi. Chungu chake kikikauka kinatoka unga mweupe, kikiingia motoni kinapasuka. Dawa ni kuulowanisha, kuunusa, kuuonja kwa ncha ya ulimi, kisha unatema.

Mama yangu alitaka kunifundisha mimi, binti yake wa kumzaa. Mwezi mzima alinionjesha, nami nikawa namjibu kwamba huu ni udongo, na huu pia ni udongo. Akanipa jembe nikalime. Editha alipoolewa, mama akawa anamfumba macho na kumpa madonge mawili kila asubuhi kabla hajatia kitu kinywani. Akikosea haambiwi neno, anarudishiwa kesho yake. Siku alipopatia alilia. Alisema ule mzuri unanukia vumbi lililopigwa na matone ya kwanza, na nyuma yake kuna utamu asioujua jina.

Utamu huo ndio anaoulilia. Siku moja nilimkuta amezamisha uso wote kwenye gunia. Alipoinuka, matope yalikuwa mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, wifi, umeanza kufukua kama ngiri?

"Naisubiri harufu irudi," akasema. "Ikirudi ikanikosa, itakwenda kwa nani?"

Nikachukua upindo wa kanga nikamfuta matope.

Mwaka jana mkwe wake Marietha, mke wa mwanawe Hosea, alikuwa na mimba ya miezi saba, na roho yake haikutaka kitu ila udongo. Editha akamfuma nyuma ya banda anatafuna udongo wa kufinyangia. Akamfokea kwamba wenzake wananunua udongo wa pemba sokoni, yeye anakula vyungu vya watu.

"Nisamehe, mama," Marietha akasema. "Lakini nakula wa gunia hili tu. Lile lingine lina magadi, linanitapisha."

Magunia hayo yalitoka mashimo mawili, na Editha alikuwa ameshalowanisha nusu ya lile lingine. Alikwenda akaumwaga wote. Akafinyangia udongo wa gunia la Marietha, na siku ya kuchoma hakikupasuka hata chungu kimoja. Sisi tulifurahi. Yeye alikuwa anaogopa, na alichoogopa kikatokea: mtoto alipozaliwa, hamu ya Marietha ikaisha. Akionjeshwa anasema anaona ni matope tu.

Basi ikabidi Marietha ajifunze kwa shida, kama Editha zamani. Ila safari hii mwalimu mwenyewe hasikii. Editha ana donge moja alilolitunza, la shimo la mama yangu ambalo lilishakwisha miaka mingi, amelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisikauke. Kila asubuhi analimega kidogo, anampa Marietha pamoja na la magadi, naye anakaa kumwangalia uso.

Juzi nilipita kuazima ungo nikawakuta kazini. Marietha alikuwa na mtoto mgongoni, macho ameyafumba, donge liko puani. Editha akamwuliza anasikia nini. Akajibu, mvua.

"Mvua hata wifi yangu huyu anaisikia," Editha akasema, kidole kikinielekea mimi. "Nyuma ya mvua kuna nini?"

Marietha akavuta pumzi. Akaonja, akatema. Akavuta tena, akakawia mpaka nikataka kuondoka bila ungo.

"Boga," akasema. "Boga changa, likipasuliwa tu, kabla hujatoa mbegu."

 Editha alilichukua lile donge mkononi mwa Marietha, akalisogeza puani kwake, akafumba macho.

"Sema tena," akamwambia. "Pole pole."

Marietha akasema tena. Editha akavuta pumzi ndefu, akaingoja ile harufu.

"Tena," akasema.