Chatu wa Buswelu na Lori la Kiseke

Rola la mvuke la kushindilia barabara lilikuwa Kisumu, ng'ambo ya ziwa, na kila meli iliyotia nanga Mwanza ilishusha kila kitu isipokuwa hilo. Wakati huo tuta langu, udongo mtupu uliokatiza bonde la tope kutoka Kiseke kwenda Buswelu, lilikuwa laini kama ugali uliokosa unga.

Injinia Mkuu, Mwingereza mwenye miguu myembamba na uhakika mnene ambaye sote tulimwita Mkubwa, alinipa agizo moja: kabla ya mvua, lori lenye shehena ya pamba livuke. Lisipovuka, nirudi kwa baba yangu. Baba aliuza vitambaa mjini, kama babu aliyetoka Gujarati, na tangu nirudi kutoka chuo cha uinjinia Bombay alikuwa amenitengea kiti dukani. Nilikichukia kiti kile kuliko malaria.

Ilikuwa baada ya mavuno, msimu ambao Wasukuma hushindana kwa ngoma. Vyama viwili hucheza wakati mmoja, kila kimoja uwanja wake, na watazamaji huenda wanakopenda. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna hakimu wala rufaa. Nilishawahi kuuona uwanja wa ngoma siku ya pili yake: mgumu, kuku hapati pa kuchakura. Basi nikawaendea manju wawili, viongozi wa ngoma waliochukiana kwa moyo wote, nikawaomba washindane juu ya tuta langu, kila mmoja ncha yake. Zawadi, fahali.

Tuliumwagia udongo maji, watu wakafurika. Mpaka adhuhuri miguu iliutwanga pande zote mbili, nami nikatembea kifua mbele, nikimcheka Mkubwa na rola lake. Ndipo manju wa Buswelu akafungua kapu, akamtoa chatu, akamvaa shingoni. Chuoni hawakunifundisha hesabu ya chatu. Umati wote ukahamia Buswelu. Kiseke akabaki manju mzee, wachezaji wake na mbwa wawili. Nikaanza kurukaruka na tai yangu shingoni, angalau niongeze uzito, mpaka mzee akaniomba niache kwa sababu nawaharibia mdundo.

Siku ya majaribio lori lilipita ncha ya Buswelu kama linapita sebuleni. Ncha ya Kiseke likazama hadi ekseli. Mkubwa akataka sababu. Nikamweleza habari za chatu. Akasema Jumatatu nisijisumbue kuja. Nilishikwa na hasira hadi machozi yakanilenga. Nilishaanza kukinusa kiti cha baba.

Manju wa Kiseke alikuwa amekuja kutazama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunigeukia. Macho yake yalikuwa kwenye lori.

"Limezama kwa sababu sikuwa na watu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi liacheni hapo mpaka kesho. Yule ana nyoka. Mimi nina gari."

Kuliacha hakukuwa na taabu, maana hatukuwa na cha kulivutia. Kesho yake nikaelewa. Nyoka kila mtu alishamwona. Lori la Mzungu lililochomeka pua kwenye tope hakuna aliyewahi kuliona. Walikuja hata kutoka Mabatini. Mzee alicheza juu ya magunia ya pamba, watu wake wakalizunguka lori, umati ukawazunguka wao, nasi tukawa tunawarushia udongo mkavu chini ya miguu. Manju wa Buswelu naye alikuja, bila chatu. Jioni walifunga kamba wakalitoa lori kwa wimbo ambao sikuuelewa wote, ila miguu ya Mkubwa ilikuwemo.

Jumatatu asubuhi lori lilivuka tuta zima. Mkubwa hakuniomba radhi. Aliniuliza tu kwa nini nimechelewa kazini.

Rola lilifika baada ya mvua, tuta likiwa limeshazizoea. Mkubwa akaamuru lipite hivyo hivyo, kwa heshima ya nauli. Manju mzee alikuja kuliona. Lilikwenda, likarudi, likaenda tena, na dereva mmoja mwenye usingizi, bila mtu hata mmoja kando ya barabara.

"Linacheza peke yake?" akaniuliza.

"Peke yake, mzee."

Akatikisa kichwa. Kisha akatafuta jiwe, akaketi, akalitazama mpaka jua lilipozama.