Gari la Mwalimu Sifuri

Wanafunzi walimwita Mwalimu Sifuri, na jina lilimkaa sawasawa. Miaka yote aliyofundisha fizikia shuleni kwetu, hakuna gari, mpira wala jiwe lililowahi kufika ubaoni kwake likiwa tayari linakwenda. Kila kitu kilianza kimesimama. "Kasi ya mwisho ni nini?" anauliza, mikono nyuma, tumbo mbele. "Mchapuko mara muda!" darasa zima linaitikia, yaani kasi inayoongezeka kila sekunde mara idadi ya sekunde. Kasi ya mwanzo aliitupa zamani, maana kuijumlisha kulimchosha. Na majigambo sasa! Ofisini sisi walimu wenzake tulikuwa hatunywi chai kwa amani.

Mwaka jana mtihani wa kuingia mkondo wa sayansi ulitungwa nje, yeye akapewa kusahihisha. Binti yake alikuwa miongoni mwa watahiniwa, na tangu utotoni hakutaka kingine ila uhandisi. Swali lenyewe jepesi: gari linakwenda mita kumi kwa sekunde, kisha kila sekunde linaongeza kasi kwa mita mbili kwa sekunde. Baada ya sekunde tano lina kasi gani? Darasa likaandika kumi. Yaani dereva kakanyaga mafuta muda wote huo, na gari bado liko kwenye kumi ileile! Binti peke yake aliandika ishirini. Baba akamkosesha, na kwa swali hilo moja akakosa nafasi.

Binti alimfuata ofisini, mimi nikiwa meza ya pili.

"Baba, gari lilikuwa linakwenda tayari. Kumi za mwanzo, jumlisha kumi zilizoongezeka."

Akalisoma swali upya, midomo ikichezacheza. Alielewa. Naapa alielewa, maana jasho jembamba lilimtoka.

"Nikikupa wewe, watasema nampendelea mwanangu."

"Basi waambie wote walikosea."

"Halafu waniulize nani kawafundisha? Nenda darasani, mama."

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Akanijibu kwamba mimi ni mwalimu wa historia, fizikia niwaachie wenyewe. Nilitoka nimefura kwa hasira.

Siku hizi binti yuko darasani kwangu, ananakili miaka ya vita asivyovijali, na anaongoza. Jana baba yake alinishika bega, macho makavu.

"Unaona, ndugu yangu? Nilijua tu sayansi haikuwa yake."