Betri ya Josepha

Mwaka sabini na tano, Josepha alikuwa ametimiza miaka sita bila kusikia. Watu wa Busunzu hawakuwa wabaya. Walimpita tu. Wakifika nyumbani walimwuliza mumewe, Longinus, "Mama Anatoli hajambo?" na Mama Anatoli mwenyewe, Josepha, yupo hapo hapo, anachambua maharage.

Daktari Hilali, mtu wa pwani aliyeletwa Kibondo, ndiye aliyempa kifaa cha kusikilizia. Kinakaa sikioni, betri yake ndogo kama kifungo cha shati.

Asubuhi ya kwanza alisikia jogoo, akacheka mpaka akakaa chini. Jioni akaenda darasani, kijiji kinaposikiliza masomo ya afya redioni. Makarius, mtunza redio, akampigia ukelele, "Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, baba. Punguza, mimi si ng'ombe."

Watu hawakuwa na mbavu. Tangu siku ile kila aliyepita njiani alimsalimu yeye mwenyewe.

Wiki ya tatu sauti ikafifia. Longinus alijua dawa: betri za redio zikichoka huanikwa juani, zikapata nguvu kidogo. Akaianika ile ndogo kwenye mkeka, kando ya maharage. Kuku akaja, akaidonoa, akaimeza.

Alimchinja pale pale. Betri aliikuta kwenye firigisi. Akaifuta, akairudisha. Kimya.

"Hapa hakuna nyingine," daktari alimwambia Longinus. "Kigoma hakuna. Nimeandika Dar es Salaam."

"Itakuja lini?"

"Mzee wangu, nikudanganye?"

Josepha aliendelea kukivaa kifaa kilichokufa. Akamwambia mumewe, "Usiwaambie. Wakikiona sikioni, wananisalimu." Kila mdomo uliocheza mbele yake, aliuitikia kwa tabasamu. Ikapita miezi miwili hivyo.

Siku moja Makarius akasimama njiani, akamwambia, "Mama yangu amefariki usiku."

"Vizuri, baba!" Josepha akaitikia, uso umechangamka. "Vizuri sana!"

Basi watu wakajua. Salamu zikarudi kwa Longinus.

Josepha alikufa kwenye mvua za mwaka uliofuata, akazikwa na kifaa chake sikioni. Betri haijafika hadi leo.

Longinus hakuwa mtu wa maneno tangu ujana. Wiki tatu mkewe alisikia, na sasa yeye anakaa mlangoni akijaribu kukumbuka alimwambia nini siku zile. Anakumbuka, "Lete maji." Anakumbuka, "Funga mbuzi."