Waliosema, Niliwaandika

Mimi ni mwoga, wala sioni haya kusema. Katika miaka ya sabini nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama wa kanisa pale mtaa wa Woodley. Marafiki zetu wa ng'ambo, watu wa makanisa na mashirika ya hiari, walituandikia barua: msingoje vijana washike baruti, waiteni mapema, waulizeni kinachowauma. Tukawaita.

Wakajaa ukumbini, wengi wao wametoka magharibi mwa nchi kutafuta kazi. Mdogo wangu, aliyekuwa amefukuzwa kibarua kwenye duka la vyuma River Road, alisimama akasema, "Siku moja nitachoma hii mji, ndio mtajua tuko." Watu wakacheka. Mimi nikaandika.

Kwetu mkutano bila kumbukumbu si mkutano. Sala ya kufungua, waliohudhuria, nani kasema nini, jina lake na la babake. Nilisifiwa kwa kutoacha hata neno, na sifa zilinilevya.

Miezi michache baadaye mabomu yakalipuka mjini, watu wakafa. Tulitembea tukikwepa kila mfuko uliosahauliwa kando ya njia. Kisha nikasikia makachero wanazunguka wakiuliza habari za mikutano ya vijana. Nikachana ule ukurasa wenye maneno ya mdogo wangu, nikautia jikoni kwenye makaa, nikakaa nao mpaka ukaisha.

Walikuja wawili, saa nne asubuhi.

"Mama, hiyo kitabu ya mkutano iko wapi?"

Nikawapa. Mmoja akafunua taratibu, akilamba kidole, mpaka pale palipochanika.

"Hapa ni panya alikula?"

Nikashika meza. Naye akatoa karatasi mfukoni mwa koti, akaikunjua mbele yangu. Ilipigwa chapa kwa mashine yangu mwenyewe. Ile herufi inayoruka juu ya mstari niliijua. Kila mkutano nilipiga nakala tatu kwa kaboni: moja yetu ya kubandika kitabuni, moja ya ng'ambo, moja ya chifu, kwa sababu bila hiyo hatukupewa kibali cha kukutana. Ya chifu niliipeleka kwa miguu yangu, nimevaa nguo ya Jumapili.

"Huyu ni nani yako?"

Kidole chake kilikuwa kwenye ule mstari wa kuchoma mji, juu ya jina la baba yetu.

"Ni mdogo wangu," nikasema. Ningesema nini tena?

Walimchukua mchana huohuo. Alikaa mikononi mwao wiki mbili, akarudi amekonda, hana jino la mbele. Hakuwa na hatia yoyote, walisema wenyewe. Wiki hiyohiyo ikaja barua kutoka ng'ambo: wamefurahishwa mno na sauti za vijana, tafadhali tuendelee.

Tuliitisha mkutano mwingine. Nilisimama mlangoni na daftari langu jipya. Hakuja kijana hata mmoja.

Mdogo wangu yuko hai, ana wajukuu. Nikimuuliza kama chai imekolea sukari, hunitazama mikono kwanza, ndipo ajibu.