Mlango Ulionyooshwa Kabla ya Mkaguzi

Lori lilipoligonga gari langu Msimbazi, watu wa bima waliniambia gari lisiguswe mpaka mkaguzi wao alione. Nikaliacha gereji Gerezani, nikaenda kuswali adhuhuri. Hata sala haikutulia. Nilikuwa nawaza, wakikataa kulipa, mzigo wa dukani nitaubebea nini?

Kurudi, fundi anacheka. “Mama, mlango uliobonyea nimeshaunyoosha! Nimekuwahishia.”

Mkaguzi ndiyo kwanza anaegesha pikipiki getini.

“Sasa atakagua nini?” nikamuuliza fundi.

“Usihofu, mama. Naurudishia bonde lake sasa hivi.” Akanyanyua nyundo kweli.

Nikamdaka mkono. Mkaguzi akaingia, akanisalimia.

“Kaka,” nikamwambia, “mlango tumeshaunyoosha, huo nitaulipia mwenyewe. Andika taa na bampa, hizo hazijaguswa.”

Mkono wa fundi sikuuachia.